Kilwa Kisiwani: usiende kama mtu anayewahi basi

Nianze na maksi kabisa, nne na nusu kati ya tano, na ile nusu nimeikata kwa sababu ntazozisema huko chini. Ila kama ratiba yako ni kuvuka asubuhi, kupiga picha mbili tatu na saa sita mchana uko njiani kurudi Dar, kwako itakuwa tatu tu, na kosa halitakuwa la Kisiwani.

Kwa ambao hawajawahi kufika, Kilwa ziko tatu. Masoko ndo mji wa sasa wenye ofisi, benki na gesti, Kivinje iko kaskazini yake, na Kisiwani ndo ile yenyewe ya sultani na dhahabu, iko kwenye kisiwa mbele ya Masoko unakiona kabisa ukisimama bandarini. Toka Dar ni kama kilomita 300, mabasi ya kusini yanapita Mbagala, unaenda Kibiti, Ikwiriri, unavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, ukifika Nangurukuru unaacha barabara ya Lindi unakata kushoto. Msimu wa mvua ulizia kwanza hali ya njia pale Somanga, maana mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita maji yalikata barabara watu wakakwama.

Kabla ya kuvuka lazima uchukue kibali pale Masoko, na unapewa mtu wa kukutembeza, huendi peke yako. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje kwa hiyo beba kitambulisho. Hela ya chombo ni mapatano, na hapa ushauri wangu ni mmoja, chukua dau la tanga. Boti ya mashine inavuka fasta sawa, lakini makelele na moshi wa petroli, na ukishafika nahodha anaanza kukuangalia saa kama vile umemkopa. Wa dau yeye anafunga kamba, anatafuta kivuli cha mwembe analala, ukirudi ndo mnaondoka. Maji yakiwa yamekupwa utashuka ukanyage maji kidogo, vaa kandambili.

Kitu cha kwanza mbele yako ni Gereza, lile boma kubwa ufukweni. Wareno walijenga ngome hapo 1505 baada ya kuuvamia mji, ila hili unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya baadae ya Waomani. Picha zote za Kilwa mtandaoni ni hili Gereza, na kiukweli ndo sehemu ambayo sikukaa sana, zuri kwa nje, ndani ni uwanja na kuta.

Msikiti Mkuu ndo nilikaa. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, karne ya 11 mpaka 12, ile kubwa ya kusini yenye matao na makuba iliongezwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, halafu ikaja kujengwa tena baadae baada ya kuanguka. Yote ni matumbawe na chokaa. Mtembezaji wetu, kijana wa kisiwani hapo hapo, alivyoona tumekaa chini wala hatuna haraka na yeye akakaa, akaanza stori za kweli sasa, sio zile za kukariri. Akatupa ile ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliyefika hapa 1331 akamkuta sultani huyo huyo, watu wanamwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Sultani anatoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa, hizo hizo za mwilini. Sultani akarudi ndani akabadilisha, akampa. Mtoto wa sultani akazichukua tena zile nguo akamfidia fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifia akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Stori tamu mpaka ufike kwenye hao watumwa, hapo tukanyamaza kidogo, maana hao majina yao hakuna aliyeyaandika. Haya huyapati kwa ile ziara ya dakika arobaini, kuna kundi lilitukuta pale likaondoka kabla hata hatujainuka.

Makutani, lile jumba lililozungushiwa ukuta, na misikiti midogo ntapita haraka, ila ule mdogo wenye makuba usiuruke, upo mzima mzima kuliko vyote.

Sasa Husuni Kubwa. Iko mbali na kijiji upande wa mashariki, mnatembea kwenye njia ya mchanga katikati ya mashamba na mibuyu, jua kali, na wengi hapo ndo wanamwambia mtembezaji turudi. Usirudi asee. Ni jumba la sultani juu ya jabali linaloangalia bahari, vyumba zaidi ya mia, na kuna bwawa la kuogea la pembe nane ambalo mpaka leo unaliona umbo lake vizuri. Hawakuwahi hata kulimaliza. Ukikaa pale juu upepo unakupiga ndo unaelewa mji wenyewe ulivyokuwa unaishi, merikebu za Arabuni na Bara Hindi zinashuka na kaskazi, Kilwa ni kama mwisho wa kufika kwa msimu mmoja, dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, inaletwa toka kusini mpaka hapa, halafu mfanyabiashara anakaa anasubiri kusi imrudishe kwao. Miezi mtu anakaa. Sisi tunalalamika saa tatu nyingi!

Na kijiji jamani, watu wanaandika kama vile pale ni magofu tu. Kuna shule, kuna wavuvi wanashona nyavu, kuna akina mama wanaosuka ukili barazani, watoto watakusalimia shikamoo mpaka uchoke kuitikia marahaba. Salimia kwanza kabla ya kutoa simu, na picha ya mtu omba. Dada zangu bebeni mtandio au khanga, ni kijiji cha Waislamu na nusu ya vitu unavyovitembelea ni misikiti na makaburi. Bibi mmoja alituuliza tumetoka wapi, nikamwambia Dar, akasema "karibuni wanangu, mmekuja kukaa au mmekuja kuona?" Swali zuri hilo.

Ile nusu maksi sasa. Kwanza maelezo ya maandishi ni machache, ukimpata mtembezaji asiye na moyo umekwisha, utatoka na tarehe mbili tu kichwani. Pili kula, usitegemee mgahawa kule, tulipata madafu na mihogo kwa bahati, kwa hiyo beba maji mengi na kitu cha kutafuna. Na tatu gesti niliyolala Masoko (sitaitaja) niliahidiwa feni na maji ya bomba, feni ilikuwepo, ya mapambo. Angalia chumba kabla hujalipa basi. Ila jioni sokoni Masoko pweza na wali wa nazi vilinifuta machozi yote, bei ya kawaida kabisa.

UNESCO waliiweka Kisiwani pamoja na Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, kwenye urithi wa dunia 1981, ikaingia orodha ya hatarini 2004 kwa sababu kuta zilikuwa zinaliwa na bahari, ikatolewa 2014 baada ya ukarabati. Kwa hiyo usipande juu ya kuta, niliona mtu mzima na akili zake anapanda atafute angle ya selfi.

Songo Mnara ni safari nyingine, mbali zaidi na kuna kupita mikokoni, usiibane siku moja na Kisiwani hata kama nahodha anakwambia inawezekana. Inawezekana ndio, ila utakuwa umelipia mbili ukaona nusu nusu. Lala Masoko katikati, na hakikisha gesti ina feni inayozunguka.