Kozi ya kalkulasi ya AP ya Khan Academy: somo ni zuri, krediti haimo ndani yake

Mpwa wangu, anayesoma tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kidato cha tano, ameitumia kozi hii ya bure ya tovuti ya Khan Academy, inayofuata AP, mpango wa Marekani wa masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, likizo nzima hapa Shangani, Mtwara, kwa simu tu, na kwa upande wa ufundishaji sina budi kuisifu. Mwanafunzi akikwama hufunuliwa hatua moja baada ya nyingine. Alipotakiwa kutafuta kikomo cha (x² − 9)/(x − 3) pale x inapokaribia 3, alikimbilia kuweka 3, akapata sifuri juu na sifuri chini. Dokezo likamwelekeza aichanganue sehemu ya juu, akabakiwa na x + 3, jibu likawa 6. Video hupakuliwa kwenye programu ya simu, jambo la maana kwa mwenye bando la kuungaunga.

Tatizo liko kwenye maneno ya mitaani kwamba anayeimaliza amekwisha kujipunguzia masomo ya chuo Marekani. Kozi yenyewe haitoi krediti hata moja, yaani kuhesabiwa na chuo kwamba somo umekwisha kulimaliza. Krediti hutokana na mtihani wa AP wa College Board, shirika la mitihani la Marekani, unaofanywa mwezi Mei, kwa ada, katika vituo vilivyoidhinishwa, na alama zake ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hukubali kuanzia 3, vingine hutaka 4 au 5, na chuo cha Dartmouth kiliacha kutoa krediti kwa alama za AP. Mei ndio mwezi wa mtihani wa taifa wa kidato cha sita pia, hivyo aliye kidato cha tano ana nafuu. Wa kidato cha sita anayetaka kubeba yote mawili ajipime kwanza. Mtihani wa CLEP, njia nyingine ya kupata krediti, wa College Board hiyo hiyo, haufungwi na Mei: alama zake ni 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani hupendekeza krediti itolewe kuanzia 50. Hata hivyo, nao unahitaji kituo kilichoidhinishwa, na si kila chuo kinautambua.

Mzazi wa Mtwara au Lindi aichukue kozi hii kama tuisheni ya Hisabati ya Juu, maana kalkulasi imo katika muhtasari wetu wa somo hilo (na bei ya tuisheni za mtaani tunaijua). Anayelenga Marekani akiandikie kwanza chuo anachokitaka, aulize kinapokea mtihani upi na kwa alama ngapi, kabla hajalipa ada yoyote.