Paka wangu Diwani, mkojo wa damu, na dokta aliyekuja kukagua nyumba

Nianze na hela maana najua ndo mtauliza. Mpaka Diwani amepona ilinitoka kama sh. 180,000, na 45,000 kati ya hizo nilizitupa mwenyewe kwa sindano ambazo hazikuwa na kazi yoyote.

Diwani ni paka dume, ana miaka minne, amehasiwa. Jina alipewa na wanangu tukiwa Kisasa, hapa Dodoma, maana kila jioni alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kama anaomba kura. Tulivyohamia Nzuguni mambo yakabadilika, jirani wanajenga wanakata vyuma kutwa nzima, upepo na vumbi ndo usiseme, akawa hatoki tena, anashinda chini ya kitanda. Siku moja namkuta bafuni amechuchumaa anasukuma weee, yanatoka matone matatu tu, rangi kama maji uliyooshea nyama.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Yule kijana wala hakumpima, akavuta OTC, dawa ya kuua bakteria, ile ile wanayochoma ng'ombe, 15,000, haya nenda. Baada ya siku tano akawa mzima, na mimi nikamsifia yule kijana mtaa mzima! Wiki tatu mbele ikarudi, sindano. Ikarudi tena, sindano. Kumbe nilikuja kuelezwa kwamba kwa paka ambaye hajazeeka shida hii mara nyingi haina bakteria kabisa, kibofu kinavimba kwa msongo, na inaweza kupoa yenyewe ndani ya wiki hata usipompa kitu. Sindano ilikuwa inabeba sifa za bure.

Mara ya nne hakutoka hata tone. Anaingia kwenye beseni la mchanga, anatoka, analia sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake, mara akatapika. Mama mwenye nyumba akaja kuchungulia, "Mwanangu, mpe nusu panadol alale, na akifa paka si wapo, nitakupa wa kwangu." Yule mama namheshimu, shikamoo yake haikosi kila asubuhi, ila nashukuru sikumsikiliza, panadol kwa paka ni sumu, hata kipande tu kinaweza kumuua.

Namba ya dokta nilipewa na kaka mmoja wa Ilazo anafuga mbwa wa ulinzi. Napiga saa kumi jioni, yuko Bahi kwenye ng'ombe, swali lake la kwanza: dume au jike? Dume. Akasema mama usilale nalo hilo, dume njia yake ni nyembamba, ikiziba siku mbili tatu anakufa, uchafu unarudi kwenye damu mpaka moyo unasimama. Saa mbili usiku tukakutana kwenye kachumba kake ka kazi. Akanishikisha tumbo na mimi nione, kibofu kigumu kama limao. Akampa dawa ya usingizi, akapitisha kampira kembamba sanaaa kwenye njia ya mkojo, mkojo ukaanza kushuka mwekundu. Dripu, siku mbili alilala pale.

Sasa kilichonifanya niandike ni siku anamrudisha. Kiti nimempa hakukaa, akaanza kuzunguka nyumba. Anakunywa wapi? Anajisaidia wapi? Nani anamtisha? Beseni la mchanga nilikuwa nimeliweka jikoni, pembeni kabisa ya bakuli lake la chakula, akanitazama, "Mama, wewe ungekula chooni?" Nikacheka kwa aibu. Kufika dirisha la sebuleni akainama, kwenye nondo kuna manyoya meusi na harufu kali. Kuna dume la mtaani linakuja kila usiku kukojoa pale na kumkoromea Diwani, na wanangu walikuwa wanajua siku zote, hakuna aliyeniambia!

Basi nikaziba nusu ya chini ya dirisha kwa kitambaa kizito. Beseni yakawa mawili, mbali na chakula, mchanga wa korongoni naupepeta na kuzoa uchafu kila siku. Dagaa wakavu wa chumvi marufuku, nachemsha samaki bila chumvi nampa na mchuzi wake mwingi ili maji yaingie. Maji ya bomba alikuwa anayanusa tu anaondoka, nikaanza kumpa haya tunayokunywa wenyewe, anakunywa. Na boksi juu ya kabati, la kujificha.

Miezi minane sasa, imerudi mara moja tu, tulipojaza wageni wa Krismasi, na haikuziba.

Kasoro za dokta zipo. Simu mara nyingi hapokei akiwa vijijini, na bei hakutajii mpaka amalize, hiyo sikuipenda. Ukimtaka mpigie kabla ya saa mbili asubuhi, hajapanda pikipiki bado. Namba yake waulizeni wafuga mbwa, sisi wa paka wengi hata hatumjui.