Raga ya kukabana kwa wasichana: uzoefu wangu na programu ya likizo Nairobi

Kama una binti wa miaka 11 hadi 15 hapa Nairobi na umeona tangazo la raga ya likizo, ile ya kukabana na kuangushana kabisa, jibu langu ni mpeleke. Kabla ya kulipa, lakini, uliza swali moja: siku ya kwanza watoto watafundishwa nini? Ukiambiwa watacheza mechi, tafuta kwingine.

Sisi tulijiunga likizo ya Agosti 2025, kwenye uwanja wa shule moja kando ya Barabara ya Ngong. Masomo yalikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa sita, na ada ilikuwa shilingi 4,500 kwa wiki, maji na ndizi ndani yake. Jina la programu naliacha kwa sababu kuna mambo ambayo hayakuniridhisha, na waandalizi nimeshawaandikia.

Binti yangu yuko Gredi ya 7. Shuleni kwao walikuwa wamecheza raga ya vitambaa tu, ile ambayo ukichomolewa kitambaa kiunoni umehesabiwa kuwa umekabwa. Ni mchezo mzuri wa kujifunza kukimbia na kupasi. Lakini mtoto akiishia hapo, siku atakayokutana na mtu anayemjia kwa mabega atakuwa hajui afanye nini na shingo yake, wala mikono yake. Hapo ndipo watu huumia.

Siku ya kwanza hakuna msichana aliyemgusa mwenzake. Walijifunza kuanguka. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mkono haunyooshwi kuzuia anguko, kwa sababu kifundo cha mkono na mfupa wa bega ndivyo hulipa gharama. Mpira unakumbatiwa kwa mikono miwili, kisha mchezaji anaanguka kwa paja, nyonga, halafu bega, kwa mfuatano huo. Walianza wakiwa wamepiga magoti, wakasimama, wakatembea, mwishowe wakakimbia polepole. Nilikaa pembeni nikitazama, na ukweli ni kwamba ilichosha kutazama. Wazazi wawili waliokuwa karibu nami walianza kulalamika kwamba wamelipia raga wanaonyeshwa mazoezi ya kubingirika. Mimi ndipo nilipoanza kuwaamini wale makocha.

Kukaba kwenyewe kulikuja baadaye, tena kwa ngazi zilezile: kwanza magoti kwa magoti, kisha kwenye mito ya mazoezi, kisha mtu kwa mtu kwa mwendo wa kutembea. Waliwapanga kwa uzito na kimo badala ya umri, jambo la busara sana, maana katika miaka hiyo wasichana wawili wa darasa moja wanaweza kupishana kilo 20. Kocha mkuu alikuwa na maneno manne tu, akiyarudia asubuhi nzima: macho, shavu, funga, miguu. Macho yabaki juu, usiinamishe kichwa. Shavu ligande kwenye paja la unayemkaba, kichwa kikiwa upande wa nyuma yake, kamwe kisiwe mbele ya magoti yanayokuja. Mikono imfunge. Halafu miguu yako iendelee kusukuma mpaka ashuke.

Sheria za raga zinakataza kukaba juu ya mstari wa mabega. Makocha hawa walishusha kikomo hicho zaidi: kiuno kwenda chini, na aliyepanda juu, hata kwa bahati mbaya, alisimamishwa papo hapo na kurudia kwa mwendo wa kutembea. Mzazi mwenye wasiwasi ajue kwamba usalama uko katika kimo ambacho mkono unashika na pale kichwa kinapokaa. Nguvu ni jambo la baadaye.

Kuna kitu nilichokipenda kuliko vyote, na sijakisikia kikisemwa na wazazi wengine. Wasichana hawa walikuwa wakiomba msamaha kila wanapokaba. Mmoja anamshika mwenzake vizuri kabisa, paja limefungwa, halafu katikati ya anguko anapaza sauti, "Woiye, pole!" na kumwachilia. Matokeo yake wote wawili wanaanguka vibaya, kwa sababu mkabo ulioachwa njiani ni hatari kuliko uliokamilika: aliyekabwa hajui kama anashuka au anabaki wima, na mguu unabaki umepinda chini yake. Kocha wa kike hakuwakemea. Aliwaambia, "Mshushe mpaka chini, umtunze mpaka chini. Pole utampa ukimwinua." Kuanzia hapo ikawa desturi. Anakaba, anamaliza, anasimama, ananyoosha mkono, "pole dada," wanaendelea. Binti yangu ni mtoto ambaye akigongwa kwenye matatu ndiye anayeomba radhi. Kumwona akimaliza alichoanza bila kupoteza adabu yake hata kidogo kulinigusa sana.

Kuna sababu nyingine inayofanya ujuzi huu uwe muhimu zaidi hapa kwetu. Njia kubwa ya msichana wa Kenya katika raga ni mchezo wa wachezaji saba kila upande. Ndio uliowapeleka Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, kwenye Olimpiki ya Rio 2016, na tena Tokyo mwaka 2021. Uwanja wa wachezaji saba ni uleule wa wachezaji 15, mita 100 kwa 70, kwa hiyo kila mmoja ana eneo kubwa la kulinda peke yake. Ukikosa kumkaba mtu hapo, mara nyingi nyuma yako hakuna wa kukusaidia na trai, yaani bao la raga, imefungwa. Msichana anayekimbia kama swala lakini hawezi kukaba hatachaguliwa, na hilo ni afadhali alijue akiwa na miaka 13 kuliko akiwa na 19.

Majeraha? Yalikuwepo. Binti yangu alirudi na michubuko mapajani na kiwiko kilichochunika. Wiki ya pili msichana mmoja aligonga kichwa kwenye goti la mwenzake. Alisimama mwenyewe akasema yuko sawa, anataka kuendelea. Walikataa. Alikalishwa kivulini na mtu mzima kando yake, mama yake akapigiwa simu wakati huohuo, wakamweleza dalili za kuangalia usiku huo: kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kuzidi kuuma, kuchanganyikiwa. Hakucheza tena siku zilizobaki, na aliambiwa aonwe na daktari kabla ya kurudi uwanjani popote. Huo ndio utaratibu wa raga ya watoto dunia nzima: ukishuku mtikisiko wa ubongo, mtoe, na hata akidai yuko sawa harudi siku hiyo. Niliona ukifuatwa bila mjadala, ingawa timu yake ilibaki pungufu.

Sasa yaliyonikera. Makocha walikuwa wengi, lakini mwanamke alikuwa mmoja tu, na kwa programu ya wasichana hiyo haitoshi. Mkao wa kukaba unafundishwa kwa kushikana. Kuna wasichana walionyamaza na kurudi nyuma kila alipokuja kocha wa kiume kuwarekebisha, wakichangamka tu yule dada akifika. Choo kilikuwa mbali, hakina pipa la kutupia sodo, na bukta walizogawiwa zilikuwa nyeupe. Nyeupe! Mtu yeyote aliyewahi kuwa msichana wa miaka 13 angewashauri rangi nyeusi. Nilimvalisha wangu suruali yake nyeusi ya kubana ndani, na kesho yake wenzake kadhaa wakafanya hivyohivyo.

Orodha ya mahitaji nayo ilikuja usiku wa kuamkia siku ya kwanza, ikataja viatu vya njumu na chupa ya maji pekee. Haikusema chochote kuhusu sidiria ya michezo, wala kwamba misuko yenye shanga haifai, wala kinga ya meno. Kinga ya meno ndiyo niliyolazimika kuitafuta mjini mbiombio. Zile za bei nafuu unazitumbukiza kwenye maji moto kisha mtoto anaziuma zishike umbo la meno yake. Zinafaa kabisa.

Kombe la Dunia la raga la wanawake lilipoanza Uingereza Agosti ileile, nyumbani kwetu runinga ilipata mwenyewe mpya, binti yangu. Kenya haikuwepo, basi tukawashabikia Afrika Kusini mpaka robo fainali. Binti yangu hakuwa akifuata mpira. Alikuwa anatazama vichwa vya wakabaji na kuniambia, "Mama, umeona shavu limekaa wapi?" Siku ya fainali pale Twickenham, Uingereza ilipoilaza Kanada 33-13 mbele ya watu 81,885, alikuwa amekaa sakafuni na kinga yake ya meno mdomoni.

Tatizo kubwa lililobaki ni kwamba likizo ikiisha, njia inakatika. Klabu kama Mwamba na Impala zina timu za wanawake, lakini hizo ni za watu wazima. Mtoto wa Gredi ya 7 ambaye shule yake haina raga ya wasichana anabaki akisubiri likizo nyingine. Nimewaomba waandalizi wafungue mazoezi ya Jumamosi hata mara mbili kwa mwezi. Wamejibu kwamba wanatafuta uwanja. Kama shule yako iko kati ya Dagoretti na Lang'ata na ina nyasi na choo kizuri, niandikie, nitawaunganisha.