Uzoefu wangu na kamusi ya Hornby katika kazi ya kuongoza wageni Gombe

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaofika Kigoma kuona sokwe wa Gombe, na kifaa ninachokitegemea sana ni kamusi. Naizungumzia Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo wengi tumezoea kuiita Hornby, kwa jina la mtunzi wake wa kwanza. Nakala yangu niliipata ikiwa imeshatumika, pale Mwanga, hapahapa mjini Kigoma. Jalada limebanduka kwenye kona, lakini kurasa zote zimo.

Kiingereza cha wageni hakisumbui kwa maneno marefu. Neno refu la kitaalamu mara nyingi lina maana moja. Ukishalielewa umemalizana nalo. Yanayosumbua ni yale mafupi ya kila siku: run, set, take, back, charge. Kamusi kuu ya Oxford, toleo la 1989 lenye juzuu 20, ilikigawa kitenzi "set" peke yake katika maana 430!

Chukua "charge". Asubuhi pale Kibirizi, kabla boti haijang'oa nanga, mgeni anauliza kama kuna "charge" nyingine. Hapo anataka kujua malipo. Akifika kambini anataka "to charge" simu. Akiuliza nani yuko "in charge", anamtaka msimamizi. Halafu mkiwa mlimani, sokwe dume anateremka kwa kasi, manyoya yamesimama, anaburuta tawi, na mgeni yuleyule ananong'ona: "Is he going to charge?" Hapo hakuna habari ya hela wala betri. Anauliza kama tunavamiwa, na jibu linatakiwa papo hapo: tulieni, msikimbie.

Hornby imelipanga neno hili kwa namna inayonifurahisha. Kila maana ina kichwa chake kidogo: fedha, mashtaka, wajibu, umeme, shambulio. Jicho linaruka moja kwa moja hadi unapotaka, halafu chini yake unakuta sentensi za mfano. Mimi huanza na mifano, fasili zenyewe nazisoma baadaye. Mifano ndiyo inayokuonyesha kwamba mtu aliye "in charge of" watoto ndiye anayewasimamia, lakini ukiongeza kijineno "the", ikawa "in the charge of", mambo yanageuka: sasa yeye ndiye anayesimamiwa. Kwa anayeandika ripoti au barua ya kazi, kijineno hicho si cha kupuuza.

Na ukijua asili ya "charge", maana zake zinaacha kuonekana kama vurugu. Limetoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake Kilatini, likiwa na maana ya kupakia mzigo kwenye gari. Malipo ni mzigo, wajibu ni mzigo, tuhuma ni mzigo unaotwikwa, betri nayo inapakiwa umeme. Hata Kiswahili chetu kina maneno ya namna hiyo: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, na hakuna anayepigwa.

Mwisho wa kila neno kubwa kuna alama mbili, IDM na PHR V. Ya kwanza ni nahau, ya pili ni vitenzi vinavyobadilika maana vikifuatwa na vijineno kama up, down, off. Kwangu sehemu hii ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sokwe akikaa katikati ya njia, nawaambia wageni "back up", rudini nyuma. Lakini "back me up" ni niunge mkono, na "back down" ni kulegeza msimamo. Ukijua "back" kama mgongo tu, hufiki popote.

Mwenzangu mmoja aliandika "groom" kwenye programu ya kutafsiri ya simu akaletewa bwana harusi, ilhali mbele yetu sokwe wawili wamekaa wanachambuana manyoya. "Party" nalo, kwa watafiti wa sokwe, ni kikundi kidogo kinachotembea pamoja kwa muda kabla ya kutawanyika. Hiyo ni maana ya wataalamu, ila Hornby inataja kundi la watu walio safarini pamoja, na kutoka hapo unaifikia mwenyewe.

Ubora huu una sababu. A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani, na kamusi yake ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942, kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao. Ndiyo maana maelezo yake ni mepesi.

Sasa uzito. Ina kurasa zaidi ya 1,500, kwa hiyo siibebi mlimani. Inabaki kambini ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Toleo la intaneti ni la bure na linakutamkia neno, ila linataka mtandao. Tena ni Kiingereza kwa Kiingereza. Anayeanza namshauri awe nayo pamoja na ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ya Kiingereza-Kiswahili, iliyotoka mwaka 1996.

Ukikuta iliyotumika, usilipe kabla hujafungua "run", "set" na "take". Hakikisha kurasa hizo zipo zote, hazijachanika, na maandishi madogo yanasomeka. Zikiwa salama, chukua hata kama jalada limeisha.