Redio yangu ya kwanza, na duka la Luthuli nisilotaka kuliona tena

Msinunue redio yenu ya kwanza Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi. Naanza na hilo kwa sababu wiki zimepita na hasira bado ninayo.

Leseni yangu ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na wengine hewani kwa kujifurahisha tu, ilipotoka, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Wengine walinisihi nisubiri ninunue ile kubwa ya HF (mawimbi mafupi), ambayo mawimbi yake hugonga anga ya juu yakarudi chini hata Ulaya. Pesa ya hiyo sina. Nikachukua ya mkononi, ile ya Kichina ya masafa ya juu zaidi, VHF na UHF, ambayo wageni wengi huanza nayo.

Nikaichaji usiku kucha, asubuhi nikapanda juu ya paa la ploti, kwenye kamba za nguo, nikaiweka 145.500 MHz, masafa ya kuitana. Kusikiliza, safi kabisa. Nikibonyeza kitufe cha kuongea, taa nyekundu inawaka, natamka "Five Zulu Four", mwanzo wa kolsaini yangu, yaani utambulisho wangu hewani, na kabla sijaimaliza kioo kinafifia, redio inazima. Nawasha tena, inazima palepale.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hata hakuigusa. "Madam, kwani bwana yako ni soja? Mwambie aje mwenyewe tumwonyeshe vile inatumika." Nikamwambia leseni ni yangu, ina jina langu, imetoka Mamlaka ya Mawasiliano. Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Kisha akagonga kidole chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Betri yenyewe hakuichomoa hata aitazame! Mwanamke akishika redio lazima awe ametumwa?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa redio. Alichomoa betri ya redio yake, aina ileile, akaipachika kwenye yangu. "Ita sasa, binti yangu." Nikaita, jibu likaja kutoka Ngong, wazi kama tumekaa meza moja. Kumbe ni betri: kusikiliza hula umeme kidogo, lakini ikiombwa nguvu ya kurusha, volti zinaporomoka.

Kwa hiyo redio siilaumu. Naipenda, kusema kweli. Majuzi kituo cha anga za juu, ISS, kilikuwa kinapita, nikaiweka 145.800 nikanasa ile milio inayobeba picha, na programu ya simu ikaichora picha yenyewe mstari kwa mstari. Kwa antena ile fupi ya mpira! Anayeanza namwambia anunue hii hii, asisubiri ya HF.

Na hata Luthuli nendeni basi, maduka ni mengi. Ila kabla ya kutoa pesa, betri iwe imejaa na antena imefungwa, muuzaji abonyeze kitufe cha kuongea mbele yenu akishikilie. Akikataa, tokeni. Betri mpya niliinunua mlango wa pili, na dada wa pale aliipima kwa mita kabla sijamwomba. Yule kijana ananidai hasira tu. Mimi namdai betri na samahani, na samahani naitaka mbele ya yule mwenzake aliyeitwa aje acheke.