Semina ya viongozi wa jumuiya: ile hela ya mfuko ilienda kihalali?

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Watu wamenifuata sana inboksi wakiuliza ile semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo (zile za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja majumbani) tuliyoenda ikoje, inafaa kupeleka watu au ndo zile za kwenda kula wali na kupiga picha na padre, basi ngoja niandike yote mara moja. Kituo na waandaaji siwataji, nina ya kuwasifia na nina ya kuwasema na sitaki maneno na mtu. Ni kituo cha mafungo nje kidogo ya Dar, wanaoandaa ni walei wenyewe, waumini wa kawaida wasio mapadre, kwa baraka za paroko wao.

Bei ni 60,000 kwa kichwa, Ijumaa jioni mpaka Jumapili baada ya misa, kulala na kula humo humo, nauli juu yako. Sisi tulienda watatu, mwenyekiti, mama mweka hazina na mimi katibu, kwa hiyo 180,000 zilitoka mfuko wa jumuiya na hela yenyewe ilikuwa imeshapangiwa sherehe ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa jumuiya. Mnaojua jumuiya mnajua maana yake, tukirudi mikono mitupu tutasemwa mpaka Pasaka.

Malazi kawaida, vitanda vya deka, chandarua kipo, maji yalikatika Jumamosi asubuhi yakarudi. Chakula kizuri, makande ya Ijumaa sijawahi kula ya namna ile, basi.

Sasa twende kwenye kiini. Jumamosi asubuhi alisimama katekista mmoja, mtu mzima, hana projekta hana nini, ana Biblia na chaki tu. Badala ya kuanza na "malengo ya semina" akasema makatibu wote fungueni daftari la vikao, hesabuni vikao kumi vya mwisho, kila ajenda andikeni inahusu nini. Kimya kikatawala aisee. Mimi daftari langu lilikuwa hivi: mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadre, zaka ambao hawajalipa, rambirambi, mchango wa ujenzi tena, sare za kitenge cha somo (hii ilikula vikao vitatu peke yake, rangi ilitushinda), bahasha za mavuno, mchango wa zawadi ya upadrisho. Injili ipo ndiyo, imeandikwa "somo lilisomwa na tafakari ilifanyika", mstari mmoja, kila kikao maneno yale yale kama nimegonga mhuri. Wagonjwa kutembelewa, sehemu moja. Jirani yangu wa benchi alikuwa na hali mbaya kuliko mimi, akawa anafunika daftari kwa mkono.

Katekista hakugomba. Alisema tu kwamba wale maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliokaa Nairobi 1976 wakaamua kanda hii yetu kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo, hawakuwa wanatafuta njia rahisi ya kukusanya zaka, walikuwa wanatafuta namna Mkristo wa kawaida amjue jirani yake kwa jina na wasome Neno pamoja nyumbani. Na kwamba Kongo walishaanza kuongea hivyo toka 1961. Akatupa na ya Uganda ambayo mimi nilikuwa naijua nusu nusu: mapadre wamisionari wa White Fathers waliondoka Buganda mwishoni mwa 1882 wakahamia huku kusini mwa Ziwa Victoria, hawakurudi mpaka 1885, na muda wote huo hapakuwa na padre wala misa. Walioshikilia ni walei tena wabatizwa wapya kabisa, na wengine hata ubatizo walikuwa bado, kina Yosefu Mukasa Balikuddembe pale ikulu kwa kabaka, mfalme wa Buganda, kina Matia Mulumba na Noa Mawaggali kule Mityana, wanafundishana, wanasali pamoja majumbani, na mapadre waliporudi wakakuta waumini wameongezeka. Hao ndo mashahidi wa Uganda, sisi tunawajua kwa kuuawa tu, tunaimba nyimbo zao tarehe 3 Juni tunarudi nyumbani, ile miaka kabla ya kuuawa hatuizungumzii. Hapo nilikaa vizuri kwenye benchi.

Kisha tukafanya Hatua Saba kwa vitendo. Kwa wasiojua, hii ni njia ya kushirikishana Injili iliyotoka chuo cha kichungaji cha Lumko, Afrika Kusini, kwa mapadre Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, na karibu kila parokia ukiuliza watakwambia "sisi tunatumia Hatua Saba". Hamna kitu, tunasoma, mwenyekiti anahubiri dakika ishirini, tunaenda kwenye michango. Tuligawanywa vikundi vya watu nane, mduara, Luka sura ya 5, Petro na wenzake wamevua hawajapata samaki. Mnamkaribisha Bwana kwa sala, mnasoma, halafu hatua ya tatu kila mtu anachagua neno moja au kifungu kifupi anakisema kwa sauti kama sala, mara tatu, taratibu, na katikati mnanyamaza. Mwanzo ilikuwa kama mchezo wa watoto, watu wanaona aibu. Halafu mama mmoja wa kikundi chetu akasema "usiku kucha". Kimya. "Usiku kucha". Kimya. "Usiku kucha". Mie nikadhani amechagua tu kilichokuwa karibu na kidole chake. Tulipofika hatua ya tano, ya kushirikishana, akasema yeye anauza samaki, anaamka saa tisa usiku kwenda soko la samaki Feri, na kuna siku anarudi na beseni limejaa vile vile samaki wameshalainika na watoto wanamwangalia mkononi, na miaka yote anasali jumuiya hajawahi kumwambia mtu maana pale wanaongea watu wa kamati. Alikuwa anaongea huku anakunja ncha ya kanga.

Hapo hapo mzee mmoja, mwenyekiti wa siku nyingi, akaingia na "ninyi akina mama mnatakiwa mjue kwamba Mungu..." na katekista aliyekuwa anapita nyuma yetu akamgusa bega akasema, mzee wangu, shikamoo, hapa tunasema "mimi", "ninyi" tumeiacha nje ya mlango. Mzee alicheka mwenyewe. Na akaanza upya, na kilichotoka sikiandiki hapa ni cha kwake, ila mwenyekiti wetu aliniangalia nikamwangalia. Kwa kipindi hicho tu mimi 60,000 nimeshaihesabu imerudi.

Mchana ndo mambo yakaharibika. Akaja mgeni rasmi wa mada ya "uongozi bora na usimamizi wa rasilimali", projekta, slaidi hamsini na ushee, maneno ya ofisini matupu, SWOT sijui nini, joto saa nane mchana, nusu ya ukumbi imelala. Kiongozi wa jumuiya ni mama ntilie, fundi, mwalimu mstaafu, unamwambia atengeneze mpango mkakati wa miaka mitano? Kitini nacho tulichopewa fotokopi ya fotokopi, kurasa mbili zimepinduka, na zile Hatua Saba zenyewe, kitu cha maana kuliko vyote, hazimo. Nilizinakili ubaoni kwa mkono. Kwa bei ile jamani, hata karatasi moja safi ya kubandika ukutani?

Halafu kasoro kubwa zaidi kwangu: semina inafundisha vizuri namna ya kuanzisha, namna ya kudumisha wanapita mbio. Dar hii nusu ya jumuiya ni wapangaji, mkataba wa miezi sita umeisha mtu kahamia Chanika, umeshampoteza, na kule alikohamia hakuna anayemjua. Niliuliza swali hilo, nikajibiwa "tuwape barua ya utambulisho". Barua! Hiyo ndo imetufikisha hapa, watu wanakuja jumuiya wakitaka saini ya mwenyekiti kubatiza mtoto au kufunga ndoa, saini ikitoka hawaonekani tena. Hatujawahi kumpigia hata simu mwenyekiti wa kule anakohamia mtu tukamwambia anakuja ndugu yetu, mpokeeni. Na daftari la mahudhurio walilolisifia sana mimi sikubaliani nalo, linaleta watu wa kutiki. Mtu anafika, jina limeandikwa, macho yote kwenye simu mpaka sala ya mwisho.

Kitu kizuri kilitoka pembeni, usiku wa Jumamosi, nje, watu wanapiga stori. Mama mmoja wa jumuiya ya huko Mbagala akasimulia jumuiya yao ilivyokuwa inakufa: ilianza mwenyeji anatoa chai, wa wiki inayofuata akaongeza chapati, mwingine soda, mwingine akapika pilau, mwisho watu wa chumba kimoja wakaacha kupokea jumuiya na walipoacha kupokea wakaacha na kuja. Wakaweka sheria, maji tu, hata uwe tajiri maji tu. Na chumba kidogo mnakaa nje kwenye mkeka. Anasema wapangaji walirudi, mmoja baada ya mwingine. Hiyo haikuwa kwenye ratiba, hakuna aliyeiandika, na ndo kitu cha kwanza tulichokipitisha tuliporudi. Waandaaji wangetenga hata saa moja watu wapeane uzoefu wao kuliko zile slaidi.

Vijana pia hakuna. Ukumbi mzima sijui kama kulikuwa na mtu chini ya miaka thelathini, VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, hawakualikwa, halafu tunalalamika jumuiya ni za wazee. Na wanaume wachache mno, ingawa kwenye viti vya uenyekiti tumo sisi tu. Wakina mama wanajaza jumuiya, wanaume wanasaini barua, hili nalo mada hakuna aliyeligusa.

Kuna ahadi ya kutufuatilia, waliandika namba zetu zote, wakasema watatutembelea. Mpaka leo kilichokuja ni grupu la WhatsApp lenye picha za maua na "asubuhi njema wapendwa". Grupu si baya, ila kwetu limeshatufundisha uvivu, msiba ukitokea watu mia wanaandika poleni sana na pale msibani tuko kumi.

Nilinganishe kidogo. Wenzetu Kenya wana kile kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachotolewa kila mwaka na tume ya haki na amani ya maaskofu wao, kila wiki ina mada yake, kuna kisa, kuna maswali ya kutazama, kupima na kutenda, jumuiya nzima nchi nzima zinaongea jambo moja wiki hiyo hiyo. Shemeji yangu wa Nakuru alinionyesha. Kijitabu kama kile mkononi kinambeba hata mwenyekiti asiyejua kuongoza, semina ya siku mbili bila kitu cha kushika mkononi inaisha moto ndani ya mwezi. Mimi ningechagua vyote viwili, lakini ningelazimishwa kimoja ningechukua kijitabu.

Kwa hiyo tathmini yangu: nyota tatu na nusu kwa tano. Asubuhi ya Jumamosi ni tano kamili, mchana ni moja, ufuatiliaji sifuri. Mkitaka kwenda, ulizeni kwanza yule katekista yupo au hayupo, kama hayupo bakini nyumbani mnunue Biblia za jumuiya kwa hela hiyo. Msimpeleke mwenyekiti peke yake, mpelekeni na mtu asiye na cheo, ikiwezekana kijana, maana mwenyekiti akirudi peke yake anarudi na hotuba. Bebeni Biblia zenu, zile za pale hazitoshi, na daftari la vikao msilisahau, na msilisafishe kabla ya kwenda.

Sisi huku tunafanya Hatua Saba Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, michango inaongelewa mwisho na haizidi dakika kumi, mweka hazina ndo anashika saa na hana huruma. Sherehe ya somo tulifanya bila kitenge kipya, wachache walinuna. Wanasema kuna semina nyingine kabla ya Majilio, safari hii kwetu anaenda dada mmoja mpangaji na kijana wake wa bodaboda, bei sijajua kama imepanda, anayejua aseme.