Strati baa ya nyuma kwenye Impreza GG: nimeifunga mwenyewe nyumbani

Tuelewane kwanza ni chuma gani, maana mafundi wengi hapa Tanga ukiwatajia strati baa wanakuletea stabilaiza. Stabilaiza inakaa chini ya gari na inapunguza gari kulala kwenye kona. Hii ninayoisema ni bomba la ndani ya buti, linaunganisha kichwa cha shokapu ya kushoto na cha kulia, pale juu zinaposhikwa na bodi. Haina kitu kinachocheza wala kinachojikunja. Inazuia tu vichwa hivyo viwili visisogeleane au kuachana gari linapoelemewa upande mmoja.

Gari langu ni Subaru Impreza GG3 ya 2005 (GG ni alama ya bodi ya kizazi hicho), cc 1500, yenye mlango wa nyuma unaofunguka mpaka juu. Wajapani waliiuza kama stesheni, lakini ukipima buti lake utaona ni hachbeki iliyojisifia. Nilikuwa na sababu ya kuitaka baa, si urembo. Sedani ya Impreza ya kizazi hichohicho ina ukuta wa bati nyuma ya kiti cha abiria, na ukuta ule unashikilia pande mbili za bodi. Ya kwangu haina. Nyuma ya kiti ni uwazi mtupu mpaka kwenye mlango. Ukipita tuta kwa mshazari, tairi moja likitangulia, unasikia plastiki zote za nyuma zinalalamika.

Nilinunua Dar, maduka ya spea ya Gerezani, kwa Sh 180,000. Muuzaji alianzia 250,000, akaniapia ni alumini. Nilikuwa na sumaku ya spika mfukoni, nikaigusisha, ikang'ang'ania kama kupe. Chuma. Sikukasirika, kwa sababu kwa kazi hii chuma hakina ubaya, kinaongeza uzito kidogo tu, lakini sumaku ile ilinisaidia sana kwenye bei. Kilichonifanya niichague ni umbo. Bomba limenyooka kutoka kichwa hadi kichwa. Pembeni yake kulikuwa na nyingine nzuri zaidi kwa macho, nyekundu, imepinda katikati ili ipishe mizigo. Ile iacheni dukani. Bomba lililopinda likisukumwa kutoka ncha zake linajikunja pale lilipopinda, na wewe umelinunua lisijikunje.

Kasoro moja niliiona palepale: bomba limeungwa na sahani zake, yaani vile vipande bapa vinavyokaa juu ya vichwa vya shokapu, kwa bolti moja kila upande, si kwa kuchomelewa. Kwa msukumo wa moja kwa moja inatosha. Kwa kujipinda juu na chini haisaidii kitu. Zilizochomelewa moja kwa moja ni bora, ila hazina uvumilivu: bodi ya gari lako ikiwa iligongwa zamani na vipimo vimehama hata milimita chache, haziingii. Magari yetu ya mnada wa Japani, nani anajua historia yake yote.

Kazi yenyewe haihitaji gereji. Inahitaji sehemu tambarare, rachi yenye boksi la namba 12, bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa na subira. Gari likae chini kwa tairi zake zote nne. Usipige jeki. Uzito wa gari ndio unaobana shokapu dhidi ya bodi, na ukiinua tu, ile uliyoifungua itashuka na bolti zake zitatoka kwenye matundu. Ndiyo maana pia unafanya upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kwenda wa pili.

Sehemu inayokula muda ni plastiki. Vichwa vya shokapu kwenye GG vimejificha nyuma ya paneli za pembeni za buti, na klipsi za gari la umri huu zimekauka. Zinavunjika hata ukizibembeleza, nunua za akiba kabla hujaanza. Mdogo wangu aliyekuwa ananisaidia alitaka tuvute kwa nguvu "zitoke tu". Nikamwambia avute karibu na klipsi, si pembeni ya paneli, na ndipo zilipoanza kutoka nzima. Paneli zikishatoka itabidi ukate tundu kila upande ili baa ipite. Hakuna karatasi ya kuonyesha pa kukata, wala karatasi yoyote ile kwenye boksi ilimokuja baa. Nilifunga baa kwanza bila paneli, nikapima kwa kadibodi, ndipo nikakata. Tundu likawa dogo na safi. Anayeogopa kukata plastiki za gari lake aishie hapa.

Sasa jambo la usalama, nalisema kwa ukali. Ukifika kwenye kichwa cha shokapu utaona nati ndogo zinazokizunguka, na katikati nati ya peke yake iliyo kwenye ncha ya rodi. Zinazofunguliwa ni zile ndogo za pembeni. YA KATIKATI USIIGUSE. Hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isifyatuke, na springi ya gari ikifyatuka haichagui mkono wala uso.

Nati ndogo zikitoka, safisha kutu kwa brashi ya waya, weka sahani ya baa juu ya bolti, rudisha nati kwa vidole kwanza. Angalia kama ncha ya bolti imejitokeza juu ya nati, angalau nyuzi mbili. Sahani nene kupita kiasi inakula urefu wa bolti, na nati iliyoshika nusu ya nyuzi zake si ya kuiamini kwenye shokapu. Za kwangu zilijitokeza vizuri. Halafu kukaza: Subaru wanataka nyutonimita 20 kwenye nati hizi, na hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nati za tairi zinakazwa zaidi ya mara nne ya hapo. Fundi aliyezoea kuning'inia kwenye spana atakukatia bolti, na bolti hizo ni sehemu ya kichwa cha shokapu, ikikatika unanunua kichwa kizima. Mimi niliazima spana ya kupimia kwa jirani. Usipokuwa nayo, shika rachi karibu na shingo yake, kaza kwa kiganja, ukiona imegoma acha.

Sahani zote mbili zikishakaa ndipo unageukia bomba. Lina nyuzi za kushoto upande mmoja na za kulia upande wa pili, ukilizungusha linarefuka au linafupika. Zungusha mpaka mchezo uishe, ongeza kidogo sana, funga nati ya kulilinda lisijizungushe. Kuna wanaosema lisukumwe mpaka bodi "ijae". Sioni faida. Bodi iliyosukumwa nje gari likiwa limesimama haijawa ngumu zaidi, imesukumwa tu.

Je, inafanya kazi? Ili nisijidanganye kwa sababu nimeshatoa pesa, nilimwachia mdogo wangu kazi ya kuifungua au kuifunga bolti za bomba bila kuniambia, na buti likafunikwa shuka. Barabara kuu ya Segera, mwendo wa kawaida, sikuweza kusema ipo au haipo. Nilikuwa nabahatisha. Mjini kwenye matuta nilitambua kwa masikio: ikiwepo, ule mlio wa plastiki unapungua sana, ikitolewa unarudi. Tofauti ya kweli ya uendeshaji niliipata kupanda Lushoto kutoka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona zinazofuatana, ambapo hujamaliza kugeuza kushoto unatakiwa kulia. Pale, ukibadilisha upande, sehemu ya nyuma inafuata mapema zaidi, haina ule mchelewo mdogo kama abiria aliyekuwa amelala. Ni jambo dogo, lakini lipo. Asiyependa kuendesha hataliona kamwe.

Kwa hiyo kama gari lako nyuma linayumba, pesa hii ianze chini. Kwenye GG kila tairi la nyuma linashikwa na mikono miwili ya kwenda pembeni na mmoja wa kwenda mbele, na yote ina bushi za mpira. Nilibadilisha za kwangu miezi kadhaa kabla ya baa, na nilichopata pale ni kikubwa mara nyingi kuliko baa hii itakavyonipa maisha yake yote. Tairi nzuri nazo vilevile. Baa inakuja mwisho, wakati mengine yote yako sawa na bado una laki mbili za kuchezea.

Na buti sasa. Hapa ndipo mke wangu alipotoa ukaguzi wake mwenyewe, mfupi kuliko huu. Tukirudi kutoka kwa wakwe Muheza hatukosi gunia la machungwa, na gunia halipiti tena chini wala halikai juu ya bomba bila kubingirika. Ukilaza viti, mzigo mrefu inabidi ulale juu ya baa. Kifuniko cha tairi la akiba hakifunguki mpaka mwisho, kwa hiyo ukipata pancha unafungua bolti mbili za bomba kwanza. Boksi 12 imehamia kwenye kisanduku cha mbele kwa sababu hiyo.

Rangi imeanza kubanduka kwenye nyuzi, si kitu. Baada ya barabara ya vumbi kulitokea mlio wa tiki-tiki, nikadhani ni shokapu, kumbe nati ya kulinda bomba imelegea. Nikaipaka gundi ya nyuzi, kimya mpaka leo.

Naipa tatu na nusu kati ya tano, kwa gari hili. Mwenye Vitz, Fit au Demio asiitafute: kwenye magari yale springi ya nyuma inakaa peke yake mbali na shokapu, uzito wa gari haupiti kwenye kichwa cha shokapu, kwa hiyo baa inashikilia mahali pasipobeba mzigo mkubwa. Na mwenye Impreza GH, ile ya kuanzia 2007, asikubali kuuziwa hii ya kwangu. Suspensheni yake ya nyuma ni ya muundo mwingine kabisa. Muuzaji atakwambia inaingia. Mwambie aifunge kwanza ndipo umlipe.